Je, jiko nililolishika kwa miaka 8 ni la nani?

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Iowa City, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Iowa, Marekani, ambako nilikuja kusoma nikitokea Bukoba na ambako nimeolewa. Mji wetu una watu wapatao 75,000, na Chuo Kikuu cha Iowa peke yake kina wanafunzi zaidi ya 30,000, kwa hiyo chuo kinapofunga, mitaa ya katikati ya mji huwa kimya kama soko baada ya magharibi. Wazazi wa mume wangu wana mkahawa wa kawaida wa Kimarekani, hatua chache kutoka chuoni. Asubuhi tunauza mayai na pankeki, mchana baga na supu, na jioni mabawa ya kuku, chipsi, na ile sandwichi ya nyama ya nguruwe iliyopondwa na kukaangwa hadi ikawa pana kuliko mkate wake, ambayo watu wa Iowa wanaionea fahari kama sisi tunavyoyaonea fahari matoke yetu. Wakwe zangu waliufungua mwaka 1987. Mume wangu alijifunza kuhesabu kwa kupanga sarafu nyuma ya kaunta, na wapo wateja waliochumbiana hapo walipokuwa wanafunzi ambao sasa wanawaleta watoto wao kuanza chuo.

Mimi niliingia jikoni Jumamosi moja ya mpira wa Kimarekani. Uwanja wa hapa, unaoitwa Kinnick, huchukua watu karibu 69,000, na kila majira ya vuli kuna mechi za nyumbani zipatazo 7, ambazo ndizo zinazotulisha hadi Januari. Siku hiyo mpishi mmoja hakutokea, nikafunga aproni ili nisaidie, na tangu hapo sijaifungua. Leo ni miaka 8. Mimi ndiye ninayeagiza nyama na viazi, ninayepanga zamu, ninayeajiri wanafunzi kila Agosti na kuwafundisha kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, na ndiye ninayebaki usiku kuchuja mafuta ya kukaangia pamoja na mama mmoja wa Bukavu anayeosha vyombo, ambaye Kiswahili chake kinanipunguzia upweke. Kwa wiki ninafanya kazi saa 60. Tunafunga wiki 2 tu kwa mwaka, wakati wa Krismasi.

Kuhusu malipo, baba mkwe huniandikia hundi ya dola 400 kila wiki kutoka katika akaunti yake binafsi, akisema ni ya kusaidiana nyumbani. Siku za mechi hunigawia pia sehemu ya bakshishi inayokusanywa kwenye mtungi wa kaunta. Mume wangu yumo katika orodha ya mishahara, lakini mimi simo. Wapishi wa kukaanga, ambao ninawaajiri mimi mwenyewe, tunawalipa dola 16 kwa saa.

Baba mkwe sasa ana umri wa miaka 71 na moyo umeanza kumsumbua. Katika chakula cha Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, alituambia mimi na mume wangu mbele ya wote kwamba mkahawa utakuwa wetu. Wifi yangu, anayeishi Arizona na ambaye hajawahi kushika hata ufagio wa pale tangu aondoke, alijibu papo hapo kwamba nusu ni yake kwa kuwa naye ni mtoto. Mama mkwe akaleta pai mezani, na mazungumzo yakaishia hapo. Ninachojua ni kwamba jengo ni mali yao, kwamba hesabu za mwaka jana zilionyesha faida ya dola 31,000, na kwamba upo mkopo wa serikali waliouchukua wakati wa korona, baada ya wanafunzi kurudishwa makwao Machi 2020 na sisi kubaki na friji zilizojaa nyama.

Wakati huohuo, hospitali ya chuo kikuu imenipa nafasi ya kazi ya ofisini, yenye bima ya afya na akiba ya uzeeni, na inataka jibu kabla ya mwisho wa Januari. Nilimwomba mume wangu tuwaombe wazee waweke ahadi yao katika maandishi, naye akasema kwamba kufanya hivyo ni kumwambia baba kuwa tunasubiri afe. Nami nimelelewa katika nyumba ambayo mkamwana haulizi habari za mali. Je, ninyamaze na kuamini neno la mzee, au nidai maandishi? Na nikienda hospitali, nitakuwa nimewatupa watu walionipokea kama binti yao?

Mkamwana wa Iowa City

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu jambo ulilolileta kama swali la heshima lina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo hakuna aliyekufanyia.

Dola 400 kwa saa 60 ni dola 6 na senti 67 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho ni dola 7.25, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 2009 na ambacho Iowa pia inakitumia. Kwa hiyo wewe unayeajiri wengine unalipwa chini ya kile ambacho sheria inakataza kumpunguzia hata mwanafunzi anayefuta meza. Sasa tuchukulie kwamba kesho haupo, na baba mkwe anamweka mtu wa nje mahali pako kwa dola 16 za mpishi wa kukaanga, ingawa kazi yako ni kubwa kuliko hiyo. Saa 40 za kwanza zitamgharimu dola 640. Saa 20 zinazobaki ni za ziada, nazo hulipwa mara moja na nusu, yaani dola 24 kila saa, ambazo ni dola 480. Jumla ni dola 1,120 kwa wiki, na ukiondoa 400 unazopewa, tofauti ni dola 720. Kwa wiki 50 mnazofungua, tofauti hiyo inafika dola 36,000.

Faida ya mwaka jana, umeniambia, ilikuwa dola 31,000. Kwa hiyo mkahawa huo haukupata faida. Ulipata hasara isiyopungua dola 5,000, kabla hata hatujagusa kodi ambayo mwajiri hulipa juu ya mishahara, na hasara hiyo ilifichwa na mgongo wako. Ninataka uielewe hesabu hii kwa sababu unaambiwa kwamba utarithi biashara, wakati kilicho hai katika biashara hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kazi yako mwenyewe isiyolipwa.

Sisemi hivi ili umwone baba mkwe kuwa mnyonyaji. Sidhani kwamba ni mnyonyaji, na barua yako haionyeshi hivyo. Mtu aliyefungua mlango wa mkahawa kila asubuhi tangu 1987 na akavuka mwaka 2020 bila kuufunga moja kwa moja, huenda mwenyewe hajawahi kujilipa kwa saa, na anawaona wote wa damu yake na wa nyumba yake kuwa mikono yake. Mikahawa ya aina hii huishi hivyo kila mahali duniani. Marehemu baba yangu alikuwa na hoteli ya chai mjini Tanga. Mama ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kuumua unga wa mahamri na kupika maharage ya nazi, na wateja walikuwa wakija kwa ajili ya mkono wake. Baba alipofariki, wakubwa wa ukoo walikuja kuhesabu viti, birika na bilauri, na hapakuwa na hata karatasi moja iliyosema kwamba katika hoteli ile mama alikuwa na chochote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alisema ukweli alioufahamu, na ukweli wa mama haukuwa umeandikwa mahali popote. Nilikuwa na miaka 14, na ninakujibu leo nikiwa bado ninamwona amekaa kwenye mkeka akiwasikiliza.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni ndiyo, maandishi yatakiwe, na yatakiwe mwezi huu. Hoja ya mumeo kwamba kuandika ni kutomwamini mzee siikubali. Mimi ni Mwislamu, na aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na inatuonya tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Wanaoambiwa waandikiane pale ni watu wanaoaminiana, kwa sababu asiyeaminika hakopeshwi tangu mwanzo. Kwenu Bukoba, mwanangu, hata shamba la migomba lililorithiwa kwa vizazi lina mpaka uliopandwa mimea ili ndugu wasije wakasahau.

Sasa nikueleze mambo ambayo yanahitaji kushughulikiwa, na baadhi yake hayahusu urithi kabisa.

Lililonishtua zaidi ni hilo la kutokuwa katika orodha ya mishahara. Pensheni ya taifa ya Marekani, ile wanayoiita Social Security, hutolewa kwa mtu aliyekusanya pointi 40 za kazi, na kwa mwaka mmoja haziwezi kupatikana zaidi ya 4, kwa hiyo inahitaji miaka 10 ya mapato yaliyoandikishwa. Wewe umefanya kazi miaka 8, ambayo ingekupa pointi 32, na inaelekea huna hata moja kutoka katika jiko hilo. Pointi hizohizo ndizo zinazomlinda mtu akipata ulemavu kabla ya uzee. Hundi ya kusaidiana haiachi alama yoyote huko. Fungua kumbukumbu zako za mapato katika tovuti ya Social Security ujionee mwenyewe, kisha umpelekee mhasibu aliyesajiliwa, ambaye si yule wa mkahawa, pamoja na fomu za kodi mlizojaza wewe na mumeo, ili akuambie kama hizo dola 400 zilitajwa humo. Usichelewe, kwa maana kwa kawaida kumbukumbu za mapato husahihishwa ndani ya miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka unaohusika, na nje ya hapo mambo huwa magumu. Kuanzia Januari, kila saa utakayosimama jikoni iingie katika orodha ya mishahara, hata kama ni kwa kiwango kidogo kuliko unachostahili.

La pili ni bakshishi. Najua unapokea kwa nia njema, na wahudumu wako pengine wanafurahi kukugawia, lakini tangu 2018 sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kuchukua bakshishi ya wafanyakazi wake, na inamkataza pia kuwaruhusu mameneja na wasimamizi kuchukua sehemu yake. Wewe unaajiri, unapanga zamu na kuongoza watu. Sioni namna ambavyo mkaguzi angekuita jina jingine. Acha kuanzia Jumamosi ijayo, na mwombe baba mkwe akuongezee pengo hilo katika mshahara. Ukija kuwa mmiliki, kijana mmoja aliyehitimu akaenda zake akiwa na uchungu anaweza kulileta jambo hili mlangoni kwenu.

Sasa tuje kwa wifi yako. Umeandika juu yake kwa hasira, nami ninaielewa, lakini hakukosea kusema kwamba naye ni mtoto. Alikosea kudhani kwamba kuna kitu kimoja cha kugawa, wakati vipo viwili. Kuna jengo, ambalo wazazi walilinunua na ambalo lingekuwa na thamani hata likiwa tupu, hasa karibu na chuo kikuu. Na kuna biashara iliyomo ndani ya jengo, ambayo bila mtu wa kuamka alfajiri ni masufuria na ubao wa jina tu. Familia nyingi za wenye mikahawa huvitenganisha vitu hivi kisheria: jengo huwekwa katika kampuni moja ambayo watoto wote wana hisa, na biashara huwekwa katika kampuni nyingine ya wale wanaoifanya, ambao huilipa ile ya kwanza kodi ya pango kwa mkataba wa miaka mingi. Kwa njia hiyo wifi yako atapata haki ya mtoto kila mwezi bila kukuamulia bei ya baga, nawe utajua kwamba hakuna atakayeweza kuuza paa lililo juu ya kichwa chako bila kufuata mkataba. Hakikisheni kwamba kodi hiyo inalipika mwezi Julai, wanafunzi wanapokuwa hawapo, na si Oktoba tu.

Hapo ndipo ninapokuomba usizitazame hesabu za mkahawa kwa mwaka mzima. Zitake mwezi kwa mwezi, kwa miaka 3 angalau, kwa maana mkahawa wa mji wa chuo unaweza kuonekana mzima mwishoni mwa mwaka ilhali kila kiangazi unakopa ili ulipe mchinjaji. Pamoja na hesabu hizo, ombeni kuona mkataba wa ule mkopo wa korona. Kama ulikuwa ule wa maafa uliotolewa moja kwa moja na shirika la serikali la biashara ndogo, biashara zilipewa miaka 30 ya kuulipa kwa riba ya asilimia 3.75, ukizidi dola 25,000 mali za biashara ziliwekwa rehani, na ukizidi dola 200,000 mwenye biashara aliweka dhamana yake binafsi. Huwezi kubadilisha wamiliki kimyakimya huku mkopo wa namna hiyo ukiwa haujalipwa. Mzee anaweza kuwa anawapa mkahawa kwa moyo mweupe na asikumbuke kwamba anawapa na deni lake.

Jambo jingine ambalo watoto husahau ni kwamba wazazi nao watakula nini. Kama akiba yao yote imo katika jengo na majiko, basi kuomba wapewe watoto bure ni kuwaomba wazee wafunge. Mimi ningependelea muwanunulie biashara kidogo kidogo, kwa malipo ya kila mwezi watakayoishi nayo, na kazi yako ya miaka 8 ihesabiwe kuwa malipo ya awali yaliyokwisha kutolewa, kwa jina lako na si kwa jina la mumeo peke yake. Hilo la jina lako usilibadilishe kwa kitu chochote.

Mimi si wakili wa Iowa, na maandishi ya mwisho lazima yapite kwa wakili. Lakini kabla ya kulipa wakili, chuo kikuu hichohicho kina kituo cha kuwasaidia wenye biashara ndogo, ambacho ushauri wake hautozwi fedha. Nendeni wanne: wazee wawili, mumeo na wewe. Mtu wa tatu aliyeketi na hesabu mbele yake atasema yale ambayo mkamwana hawezi kuyasema, kama vile kwetu mshenga anavyosema yale ambayo mposaji hawezi. Atakayeomba miadi awe mumeo, kwa kuwa ni wazazi wake. Mchague siku baada ya Krismasi, kabla ya muhula kuanza, mkahawa ukiwa mtupu na mzee akiwa amepumzika.

Kuhusu hospitali, chukua kazi hiyo. Nimelipima jambo hili kwa siku kadhaa, na kila upande ninaotazama ninaliona hivyohivyo. Nyumba yenu yote sasa inategemea mlango mmoja, na mlango huo hufunguka sana katika Jumamosi 7 za mwaka. Bima ya afya na mshahara unaofika hata Julai vitampa mumeo nafasi ya kuuokoa mkahawa, badala ya kuzama nao. Mtu anaweza kuwa na hisa katika mkahawa bila kusimama mbele ya kikaango saa 60. Jumamosi za mechi unaweza kwenda, kwa mshahara ulioandikishwa. Na kama mkahawa hauwezi kusimama siku ambayo mtu mwingine atalipwa haki yake kwa kazi unayoifanya wewe leo, ni heri mlijue hilo mzee akiwa hai, angali anaweza kupandisha bei, kupunguza saa za kufungua, au kuuza kwa heshima.

Kabla mumeo hajazungumza na baba yake, zungumza na mama mkwe. Katika barua yako ndefu umemtaja mara moja tu, akileta pai. Lakini mwanamke aliyefungua mkahawa pamoja na mumewe mwaka 1987 ndiye aliyesimama mahali pako kabla yako, na huenda alinyanyuka kwenda kuichukua pai ile kwa sababu aliyajua mazungumzo yale yangefika wapi. Mkute mchana, baada ya wateja wa chakula cha mchana kuondoka, mketi naye kwenye meza ya nyuma. Usianze na mali. Muulize, katika karatasi zote za mkahawa huu, jina lake limeandikwa wapi.

Shangazi yako